HAKI ZA MAMA MJA MZITO KATIKA KAZI YA SHAMBA

Kila mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ajua kwamba ng'ombe mwenye mimba hakamwi mpaka siku ya kuzaa. Huachwa akauke muda wa siku 60 hivi, apate nguvu, na ndama azaliwe mzima. Hakuna mfugaji mwenye akili anayehesabu maziwa ya siku hizo 60 kuwa hasara. Lakini katika mashamba yale yale ambako ng'ombe hutunzwa hivyo, wako wanawake wanaochuma chai na kahawa, wanaokata maua, na wanaopalilia mahindi mpaka uchungu uwashike, kwa kuwa waogopa kwamba wakisema wana mimba watapoteza kazi. Na wengine huipoteza kweli.

Mtu si mnyama. Mnyama hutegemea huruma ya mwenye kumfuga, bali mtu ana sheria. Katika Kenya sheria ya kumlinda mama mja mzito imeandikwa wazi, nayo ni ya mfanyakazi wa shambani sawasawa na karani wa ofisini. Shida ni kwamba wengi hawaijui, na haki isiyojulikana ni kama jembe lililofungiwa ghalani: lipo, wala halilimi. Hapa twataka kueleza haki hizo moja moja, ili mama ajue la kudai, na mwenye shamba naye ajue la kutoa.

NI NANI ANAYELINDWA?

Sheria kubwa katika jambo hili ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008. Yamhusu kila mtu aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira. Haitazami kama shamba ni la kampuni yenye watu elfu, au ni eka 5 zenye wafanyakazi wawili. Mtumishi wa nyumbani pia yumo.

Watu wengi hudhani kwamba asiyepewa barua ya kazi hana haki. Si kweli. Sheria yasema kwamba mapatano ya mdomo ni mapatano. Tena, kazi ya miezi 3 au zaidi yapasa kuandikiwa mkataba, na wajibu wa kuuandika ni wa mwajiri, si wa mfanyakazi. Mwajiri asiyeandika, siku wakifika mahakamani, mzigo wa kuthibitisha mapatano yalikuwa nini utakuwa juu ya kichwa chake mwenyewe.

Wengine husema, "Huyu ni kibarua wa siku tu." Hapa yafaa kusikiliza vema. Kibarua wa siku, kwa sheria, ni yule anayelipwa kila siku jioni, na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi mfululizo, na jumla ya siku zake ikafika mwezi 1, sheria humhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi. Na akiendelea miezi 2 au zaidi, hupata masharti yale yale ambayo angepata kama hakuanza kwa ukibarua. Basi mama aliyefanya kazi katika shamba moja tangu kupanda kwa Machi mpaka mavuno ya Agosti, bila kukatiza, hawezi kuambiwa kwamba yeye ni mtu wa leo tu.

Liko jambo moja la kutenga. Shamba la jamaa, ambako wafanyakazi pekee ni watu wanaomtegemea mwenye shamba, halimo katika sheria hii. Mke anayelima shamba la mumewe hapati likizo ya kulipwa kwa sheria ya ajira. Lakini haki za hospitali, tutakazozieleza mbele, ni zake kamili.

LIKIZO YA UZAZI

Zamani, chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 1976, mama alipewa miezi 2 yenye mshahara, lakini aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Alipewa kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mkono wa pili. Sheria ya mwaka 2007 ilibadili mambo hayo, na sasa masharti ni haya:

Kwanza, mama hupata miezi 3 ya likizo na mshahara kamili. Si nusu mshahara, wala si mkopo wa kulipa baadaye.

Pili, likizo yake ya mwaka haiguswi. Mfanyakazi aliyemaliza miezi 12 hupata siku za kazi zisizopungua 21 kila mwaka, na mama aliyejifungua huzipata kama wenzake.

Tatu, akirudi hurudi katika kazi yake ile ile aliyoiacha. Kama haiwezekani, apewe kazi nyingine inayomfaa, na masharti yake yasiwe mabaya kuliko ya kwanza. Aliyekuwa akipima majani kwenye mizani hawezi kurudi akaambiwa abebe magunia kwa ujira mdogo.

Nne, ikiwa miezi 3 imekwisha na mama bado ni mgonjwa, au mwajiri amekubali aunganishe likizo ya mwaka, basi likizo yake huhesabiwa kwisha siku ile ya mwisho ya nyongeza hiyo. Haki ya kurudi kazini haifi katikati.

Baba naye hakusahauliwa. Mwanamume aliyeajiriwa hupata wiki 2 za likizo na mshahara kamili mkewe anapojifungua. Na tangu mwaka 2021, mfanyakazi anayepewa mtoto wa kulea kwa njia ya sheria hupata mwezi 1 wenye mshahara kamili.

Yafaa kukumbuka kwamba masharti haya ndiyo ya chini kabisa. Katika mashamba mengi makubwa ya chai na maua, chama cha wafanyakazi kina mapatano na waajiri. Mapatano hayo yaweza kuongeza juu ya sheria, lakini hayawezi kupunguza. Mwulize mjumbe wa chama katika shamba lenu akuonyeshe yaliyoandikwa.

BARUA NDIYO UFUNGUO

Haki hii ina sharti moja ambalo wengi hulikosa. Mama apaswa kumjulisha mwajiri kwa maandishi, siku zisizopungua 7 kabla ya kuanza likizo. Ikiwa mambo yametokea ghafula, kwa mfano mtoto amekuja kabla ya wakati, siku zaweza kupungua kwa kadiri ya haki. Mwajiri akitaka, mama alete karatasi ya daktari au ya mkunga mwenye cheti.

Twashauri usingoje siku 7. Andika mwezi mmoja au miwili mapema, ili mwenye shamba apate nafasi ya kutafuta mtu wa kushika kazi yako. Barua haihitaji maneno makubwa. Mfano wake ni huu:

"Kwa Meneja, Shamba la .......... Mimi .........., nambari ya kazi .........., nakujulisha kwamba ni mja mzito, nami natazamia kujifungua karibu na tarehe .......... Nitaanza likizo yangu ya uzazi ya miezi 3 tarehe .........., na nitarudi kazini tarehe .......... Pamoja na barua hii ni karatasi ya kliniki. Sahihi .......... Tarehe .........."

Andika nakala mbili. Moja mpe meneja au karani. Ya pili mwambie aitie sahihi na tarehe aliyoipokea, kisha urudi nayo nyumbani. Mwenye simu ya picha aipige picha pia. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto wake wa shule au jirani, kisha atie alama ya kidole. Kumwambia mnyapara kwa mdomo chini ya mchai hakutoshi, kwa maana mnyapara aweza kuhama, na aweza kusahau.

Wale wanaolipwa kwa kilo na waweke karatasi za mizani za miezi iliyopita. Hizo ndizo zitakazoonyesha mshahara wako ulikuwa kiasi gani. Omba hesabu ya malipo yako ya likizo iandikwe kabla hujaondoka.

MIMBA SI KOSA LA KAZI

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yakataza mtu yeyote kubaguliwa kwa sababu ya mimba, na neno hilo limetajwa kwa jina lake. Sheria ya Ajira yasema vile vile kwamba mimba, au jambo lolote linalohusu mimba, si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Tena ulinzi huu huanza kabla ya kuajiriwa: kumkatalia mtu kazi kwa kuwa ana mimba ni ubaguzi, na ubaguzi huo ni kosa la jinai kwa mwajiri.

Pengine mwenye shamba hasemi wazi. Husema, "Kazi imepungua," au "Wewe umekuwa mvivu siku hizi," na wiki ile ile aajiri mtu mwingine mahali pako. Usife moyo. Mambo ya ubaguzi yakifika mahakamani, ni juu ya mwajiri kuonyesha kwamba hakubagua. Na anayetaka kumfukuza mfanyakazi kwa kosa au kwa uvivu apaswa kwanza kumweleza makosa yake kwa lugha anayoielewa, na kumpa nafasi ya kujitetea, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama.

Usikubali kutia sahihi barua ya kuacha kazi ambayo hukuiandika wewe. Wako wanaoambiwa, "Andika kwamba umeacha kwa hiari, utarudi ukishazaa." Aliyeacha kwa hiari hana likizo ya kulipwa, wala hana mahali pa kurudi. Likizo ni likizo, na kuacha ni kuacha.

DAWA NA MIZIGO

Dawa nyingi za kunyunyizia mimea zaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mama mja mzito asichanganye dawa, asibebe pampu ya kunyunyizia, wala asiingie katika nyumba ya maua au shamba lililonyunyiziwa kabla ya muda ulioandikwa kwenye kibandiko kwisha. Amwambie msimamizi mapema ili apewe kazi nyingine, kama kupanga maua, kuhesabu au kupalilia mahali pasipo dawa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kulinda afya ya wote wanaofanya kazi kwake. Yasema pia kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amjulishe msimamizi mara moja, na mwajiri hana ruhusa kumrudisha mahali pale mpaka hatari iondolewe.

KURUDI KAZINI NA KUNYONYESHA

Madaktari washauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, pasipo uji wala maji. Lakini likizo ni miezi 3. Je, ile miezi 3 iliyobaki itakuwaje? Hapo ndipo sheria nyingine yaingia, Sheria ya Afya ya mwaka 2017.

Sheria hiyo yamtaka kila mwajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea, penye maji ya kunawa, kiti, meza ndogo na kitu cha kuwekea maziwa yapate ubaridi. Mahali hapo pasiwe chooni. Na mama hupewa nafasi ya kunyonyesha au kukamua maziwa, mbali na saa ya chakula, jumla isiyozidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi. Muda wa kwenda na kurudi umo ndani yake, nao huhesabiwa kuwa saa za kazi, haukatwi mshahara.

Mwenye shamba dogo asishtuke akidhani yampasa kujenga jumba. Aanze na alicho nacho: chumba safi chenye mlango wa kufungika, kiti, meza, maji na sabuni, na njia ya kuyaweka maziwa yasiharibike. Ikiwa mtoto yu karibu, mama apatane na msimamizi saa za kwenda kumnyonyesha, na mapatano hayo yaandikwe.

HAKI ZAKO HOSPITALINI

Haki hizi ni za kila mama, mwenye ajira na asiye na ajira.

Katiba yampa kila mtu haki ya kupata matibabu, na huduma za uzazi zimetajwa humo. Yasema pia kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mama anayetokwa na damu au aliyepata kifafa cha mimba asiulizwe pesa kwanza.

Tangu Oktoba 2024 mambo ya bima yameshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, badala ya ile NHIF ya zamani. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na mchango haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara, pamoja na mkulima mdogo, hujiandikisha, akapimwa uwezo wa nyumba yake, kisha hulipa mchango wa mwaka. Waweza kujiandikisha kwa simu kwa kubonyeza *147#. Usingoje uchungu uanze ndipo utafute kitambulisho. Jiandikishe mara tu ujuapo kwamba una mimba, na ukienda kliniki uulize kama jina lako limo na mchango wako umefika.

Mahakama zetu zimelinda akina mama mara nyingi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba ni kinyume cha sheria hospitali kumfungia ndani mama aliyejifungua kwa sababu hajalipa. Deni hudaiwa kama madeni mengine. Mtu hawekwi rehani. Na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 mama ambaye mwaka 2013 aliachwa akajifungulia sakafuni katika hospitali ya serikali, kisha akatendewa kwa ukali. Aliyeshinda kesi hiyo alikuwa mama wa kawaida.

Mtoto akizaliwa, mwandikishe kabla ya miezi 6. Aliyezaliwa hospitalini huandikiwa karatasi ya taarifa pale pale. Aliyezaliwa nyumbani apelekewe habari Naibu wa Chifu. Ukichelewa kazi huwa ndefu, na bila cheti mtoto atasumbuka siku ya kuingia shule.

UKIKOSEWA, FANYA HIVI

Kwanza, andika kila jambo: siku, saa, nani alisema nini, na nani alikuwapo.

Pili, kama shamba lina chama cha wafanyakazi, mwone mjumbe wake siku hiyo hiyo. Mambo mengi humalizika hapo bila magomvi.

Tatu, nenda kwa Afisa wa Kazi katika kaunti yako ukiwa na barua yako, karatasi za mizani au za mshahara, na karatasi ya kliniki. Afisa hutoa shauri bila malipo, naye aweza kumwita mwajiri. Kama umefukuzwa, peleka malalamiko yako kwake kabla ya miezi 3 kupita tangu siku ya kufukuzwa.

Nne, kama hapo hamkupatana, iko Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi. Kesi yaweza kufunguliwa kabla ya miaka 3 kwisha, lakini mashahidi huhama na karatasi hupotea, basi usikawie. Mahakama yaweza kuamuru urudishwe kazini, au ulipwe fidia mpaka mishahara ya miezi 12.

NENO KWA MWENYE SHAMBA

Wako wakulima wadogo watakaosoma haya na kusema, "Mimi nina wafanyakazi wawili tu. Pesa za kulipa mtu asiye kazini nitazitoa wapi?" Swali hilo ni la haki. Katika Kenya mshahara wa likizo ya uzazi hutoka mfukoni mwa mwajiri, na kwa mwenye eka chache ni mzigo kweli.

Lakini tupige hesabu. Tuseme mfanyakazi wako alipwa shilingi 12,000 kwa mwezi. Likizo ya miezi 3 ni shilingi 36,000. Ukiweka akiba ya shilingi 1,000 kila mwezi, katika miaka 3 unazo zote, kama vile unavyoweka akiba ya mbegu na mbolea kabla ya mvua. Sasa tuseme umemfukuza kwa ajili ya mimba, na mahakama ikakupata na hatia. Mishahara ya miezi 12 ni shilingi 144,000, na fidia ya ubaguzi yaweza kuongezwa juu yake. Tena utakuwa umempoteza mtu anayewajua ng'ombe wako kwa majina, na itakubidi umfundishe mwingine toka mwanzo.

Wala usidhani kwamba dawa ni kuajiri wanaume peke yao. Huo nao ni ubaguzi, na sheria yaukataza.

Basi mwenye shamba, andika mapatano na kila mfanyakazi wako, na mwambie mapema kwamba akiwa mja mzito asikufiche. Nawe mama, kuanzia leo tafuta mfuko mmoja wa plastiki wenye nguvu, utie ndani yake mkataba wako, karatasi za mshahara au za mizani, kitabu cha kliniki, na nakala ya barua yako yenye sahihi ya karani. Uweke mahali pasipovuja mvua. Siku ya haja, karatasi hizo ndizo zitakazosema kwa ajili yako.